Kuhesabu nyutroni kwa kete ya ludo



Siku ya posho iliyopita, sisi wa kalasi ya sita tulifanya jaribio moja la fizika, likatuletea mabishano mpaka saa ya kulala. Naliandika hapa ili hata wadogo wetu waweze kulirudilia.

Swali ni hili: ndani ya kinu cha atomu, moto utazidi ao utazimika? Msiseme mambo haya ni ya mbali. Kinu cha kwanza cha Afrika nzima kiliwashwa kwetu Kinshasa, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, mwaka 1959: TRICO I, kilowati 50. TRICO II, ya megawati 1, ilifuata mwaka 1972, nayo imezimwa tangu 2004.

Moto huo si wa kuni. Nyutroni inagonga kiini cha uraniumu 235, kinapasuka, na nyutroni mbili ao tatu zinatoka. Kwa wastani ni 2,4. Tukigawanya hesabu ya nyutroni za kizazi kipya kwa zile za kizazi kilichotangulia, tunapata K. K ikiwa 1 barabara, moto unakaa sawa. Ikiwa chini unazimika, ikiwa juu unazidi.

Sasa shida. Nyutroni mpya ina mbio ya kilometa 20 000 hivi kwa segonde, na uraniumu 235 inakamata vizuri zaidi ile inayoenda polepole. Ndiyo maana vinu vingi vinatiwa maji. Piga bile kwenye ukuta, inarudi na mbio yake. Piga bile kwa bile mwenzake, ya kwanza inasimama. Kiini cha hidrojeni ya maji kina uzito karibu sawa na wa nyutroni, na kisha kugongana mara 18 hivi, nyutroni inabaki na kilometa 2 tu kwa segonde.

Fimbo za uraniumu zinasimamishwa majini kwa mistari, kama mikahawa katika shamba kule Beni. Ukipanda karibu sana, miti inanyimana; ukipanda mbali, unapoteza udongo. Vivyo hivyo hapa: fimbo zikikaribiana mno, maji ni kidogo, nyutroni zinamezwa na uraniumu 238 mbele ya kupoa. Zikiachana mno, maji yenyewe yanazimeza. Nafasi gani basi inafaa?

Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mwanahesabu wa Marekani mzaliwa wa Poland, alikuwa akipona ugonjwa na kucheza karata peke yake. Akajiuliza bahati ya kushinda ni ngapi. Hesabu ilikuwa ngumu, akaona heri kucheza mara nyingi na kuhesabu tu. Yeye na John von Neumann wakapeleka wazo hilo kwa nyutroni, na mashine ENIAC ikafanya kazi. Njia hiyo inaitwa Monte Carlo, jina la mahali pa kamari. (Mwalimu wa nidhamu asikasirike, sisi hatukuweka hata franka moja.)

Mchezo wetu: kila nyutroni inatupiwa kete. 1, maji yameimeza. 2, imetoroka nje. 3 ao 4, imegongana tu, tupa tena. 5 ao 6, imepasua uraniumu. Kila benchi ilipewa nyutroni 20.

Benchi moja ilipata mipasuko 13: 13 mara 2,4, gawanya kwa 20, K ni 1,56. Benchi ingine ilipata 8, yaani 0,96. Hapo ndipo kelele ilianza, kila mmoja akisema mwenzake ameiba. Hakuna aliyeiba. Nyuso zinazomaliza safari ni nne, mbili kati yao ni mpasuko. Nusu ya 2,4 ni 1,2. Tulipounganisha mabenchi yote kumi, mipasuko ilikuwa 103 kwa nyutroni 200: K 1,24. Kosa linapungua polepole: ili lipungue mara 10, sherti nyutroni ziongezeke mara 100.

Kisha tukateremsha fimbo ya kuzuia: uso wa 3 nao unameza. Sasa ni mbili kwa tano, K 0,96. Angalieni vizuri! Ni namba ileile ya benchi ya pili, ambayo haikuwa na fimbo. Mtu akiamini nyutroni zake 20, atasema moto unazimika, kumbe katika vizazi 20 nyutroni 100 zimekuwa 3 800 hivi.

Katika kinu cha kweli bahati inabadilika kila mahali na kwa kila mbio, kwa hiyo orodinateri inafuata nyutroni mamilioni. Inatumia hata ujanja: kwa kuwa fimbo zinafanana, inachukua moja tu pamoja na maji yake na kuizungushia vioo. Nyutroni inayotoka inarudishwa, kana kwamba ya jirani imeingia.

Siku ya posho ijayo, kisha chakula cha mchana, tunaongeza nyutroni 400, nusu kwa fimbo, nusu bila fimbo. Kete tunazo sita tu. Mwenye yake ailete.