SOMO: TUHESABU GHARAMA ZA NYUMBA ZETU

Luka 14:28-30



Katika mistari hiyo Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi na kuhesabu. Wengi wanafikiri hesabu ni kazi ya matajiri. Sivyo. Mwenye feza kidogo ndiye anayepaswa kuhesabu zaidi, maana kosa dogo linamlaza njaa.

1. Kwa nini maisha ni ghali hapa Likasi?

Wazee wetu wanakumbuka wakati mfanyakazi wa Gécamines alipopewa unga kila mwezi, pamoja na mshahara. Nyumba ilianza mwezi ikiwa na chakula. Kampuni ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondoka kazini. Tangu hapo wengi tunaishi kwa pato la siku.

Tena kuna dolari. Mwaka 2010 dolari moja ilikuwa karibu franka 900. Mwaka 2024 ilipita 2 800. Mwenye nyumba anadai kodi kwa dolari, lakini mama anayeuza mboga anapata franka. Mwaka 2025 franka ilipata nguvu, lakini bei nyingi sokoni hazikushuka upesi.

Mwisho, sehemu kubwa ya mahindi na unga wetu inatoka Zambia, kwa njia ya Kasumbalesa. Ukame ukipiga kule, kama mwaka 2024, bukari inapanda bei huku.

Mambo hayo matatu hatuwezi kuyazuia.

2. Hasara tunayoweza kuipunguza

Iko hasara nyingine, nayo inaingia kimya: kununua kila kitu kwa kipimo kidogo. Tuchukue mfano. Tuseme mfuko wa unga unauzwa franka 40 000 na unatoa meka 10. Anayenunua meka moja moja kwa franka 4 500 atalipa 45 000. Amepoteza 5 000. Kama nyumba yake inakula mifuko miwili kwa mwezi, kwa mwaka amepoteza 120 000. Ni vilevile kwa mafuta ya kilauri na makala ya kifurushi.

Hatumlaumu mama anayepima meka, naye anatafuta chakula cha watoto wake. Lakini tuone jambo hili: maskini ananunua unga uleule kwa bei kubwa kuliko tajiri. Na feza hiyo ndiyo inayokosekana siku mtoto wa sekondari anapofukuzwa darasani kwa ajili ya minervali. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi tu.

3. Tufanye nini?

a) Baba na mama waandike pamoja, kwa mwezi mmoja, kila franka inayotoka. Mume asifiche pato lake, wala mke asifiche deni lake.

b) Nyumba tano zinazoaminiana zifanye likelemba ya chakula. Zikusanye kidogo kidogo, zinunue mahindi kwa mifuko mwezi wa 5 au wa 6, baada ya mavuno, kabla bei haijapanda wakati wa mvua. Mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ili unyevu usiiharibu. Daftari lishikwe na watu wawili, na feza hiyo isichanganywe na sadaka.

c) Deni la chakula lilipwe kwanza, kabla ya nguo mpya.

d) Kanisa nalo lisiwe mzigo. Mama asiyeweza kununua kikwembe cha sikukuu aimbe pamoja na wenzake kwa kikwembe alicho nacho. Yeyote asimtenge. Tumeona wanaokopa ili wasiaibike, na baada ya sikukuu watoto wanakula mara moja kwa siku. Sikukuu ya namna hiyo haimpendezi Mungu.

Maswali ya kujibu nyumbani

– Wiki iliyopita tulinunua nini kwa kipimo kidogo mara nyingi zaidi?
– Tunamdai nani, na nani anatudai?
– Ni majirani gani wanne tunaoweza kununua nao mfuko mmoja?

Mjibu pamoja, watoto wakubwa wakisikiliza. Bwana abariki vyungu vyenu. Amina.