Kutu, Molasi na Magadi: Kuokoa Vyuma vya Gari la Zamani Arash

Gari la hapa Arash hupita hewa tatu katika safari moja. Likitoka Karatu hupanda kingo za kreta ya Ngorongoro, ambako ukungu wa asubuhi huacha vyuma vikidondosha maji. Likishuka upande wa pili huingia kwenye vumbi la tambarare hadi Piyaya. Na anayepita njia ya chini, kwa Engaruka na Engaresero, hukutana na tope la pembeni mwa Ziwa Natron, tope lenye magadi na chumvi ndani yake. Hili la tatu ndilo baya kuliko yote. Hujibana ndani ya chasisi, hukauka, na usiku hunyonya tena unyevu. Dereva anaona gari limekauka, kumbe chini ya uvungu chuma kinaloa kila siku.

Kutu inahitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi huiharakisha kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo ndani ya chuma. Magadi peke yake si adui mkubwa hivyo. Chuma kikiwa ndani ya maji ya magadi safi hupata kutu polepole mno. Tofauti hii kati ya magadi na chumvi tutaihitaji mbele.

Kwa hiyo kazi huanza na maji matamu na brashi, kabla ya dawa yoyote. Chasisi ya Land Rover na ya Land Cruiser za zamani ina matundu madogo chini ya kutolea maji. Yazibue kwa waya. Nimeona chasisi iliyopakwa rangi vizuri nje huku ndani imejaa udongo mwekundu wa Karatu, na kutu ikitokea ndani kuja nje.

Wengi huamini Land Rover haipati kutu. Imani hiyo ina chanzo chake: lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, bati la chuma lilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria ni chuma pia. Pale alumini inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakipita katikati, alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Ukiona unga huo pembeni mwa bolti, fungua utazame.

Kisha chukua nyundo ndogo. Gonga taratibu, sentimita chache kila mara. Chuma kizima hulia; kilicholiwa hutoa sauti butu, na bisibisi ikisukumwa hapo huzama. Hakuna dawa inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Mabomba ya breki, silinda za breki zenye vishimo ndani, vyuma vya usukani na springi zilizochimbika si vya kusafisha. Ni vya kutupa, hata kama spea iko Arusha na safari ni ya siku nzima. Kwenye miteremko ya kreta breki haijaribiwi.

Vipuri vingine vingi vinaokolewa: breketi, rimu, bawaba, vishikio vya injini, bolti za kawaida, zana za jeki. Mafundi hukimbilia grainda yenye brashi ya waya, na kwa kutu nene ya juu inafaa. Ila grainda haina huruma. Inapoondoa kutu inaondoa na chuma kizuri, na haifiki kwenye kona wala ndani ya nyuzi za bolti. Waya zake huruka kama sindano, kwa hiyo miwani ya kukinga macho ni lazima. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Vumbi lake lisivutwe puani, na watoto wakae mbali.

Mimi huwashauri wenye subira watumie molasi. Ile ile wanayochanganyiwa ng'ombe kwenye majani makavu wakati wa kiangazi, iliyobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, kisha zamisha kipuri chote. Kikichungulia juu, mstari wa maji utaacha alama iliyoliwa. Molasi ina viambato vinavyoshika kutu na kuitoa juu ya chuma, huku chuma chenyewe kikibaki karibu kama kilivyokuwa. Huchukua wiki moja hadi tatu, na baridi ya Julai huongeza siku. Kitoe kila baada ya siku chache, kisugue kwa brashi ya kawaida, ukirudishe. Kutu inatoka kama tope jeusi, na hata nyuzi za bolti husafika.

Kuna masharti. Alumini, zinki na vyuma vilivyopakwa zinki visiingie humo, maana vitaliwa. Ondoa beringi na mipira. Na jambo ambalo vitabu vya mafundi wa mijini haviliwazi: funika pipa kwa kifuniko kizito. Mbuzi na ng'ombe wanaijua harufu ya molasi kutoka mbali, na maji yale yamejaa chuma kilichoyeyuka.

Asiye na wiki tatu atumie umeme. Hapa ndipo magadi yanapoingia, na huwa nafurahi kulieleza hili kwa sababu tunaishi jirani na Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee inayojulikana duniani kumwaga lava yenye sodiamu kaboneti kwa wingi. Hiyo hiyo sodiamu kaboneti ndiyo inayotumika. Lakini usichote magadi ya ziwani: yana chumvi, na umeme ukipita kwenye chumvi hutoa gesi ya klorini, kisha chumvi hubaki kwenye vishimo vya chuma. Nunua soda ashi, ile ya watengeneza sabuni za maji. Usiichanganye na kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho.

Tia kijiko kimoja cha chakula cha soda ashi kwa kila lita 4 za maji. Ning'iniza kipuri katikati ya ndoo ya plastiki, na kando yake kipande cha chuma cha kawaida kisichogusana nacho. Waya wa hasi uende kwenye kipuri, wa chanya kwenye kile kipande. Ukigeuza, kipuri chako ndicho kitakacholiwa. Chaja ya betri ya volti 12 inatosha. Penye jua, paneli ya wati 100 hutoa takriban ampea 5 na hufanya kazi hiyo kwa saa kadhaa. Upande wa chanya usiweke chuma cha pua, kwani maji yatapata kromiamu yenye sumu, wala bati la zinki. Mapovu yanayopanda yana haidrojeni, gesi inayolipuka, hivyo fanya nje, mbali na moto na sigara. Zima umeme kabla ya kutia mkono.

Siki, ndimu na ukwaju vinafaa kwa vitu vidogo, usiku mmoja tu. Asidi ya betri iache kabisa. Springi na bolti ngumu za kubeba uzito zisiingie kwenye asidi wala kwenye umeme, maana haidrojeni hujipenyeza ndani yake na siku moja hukatika bila dalili. Hizo ni za brashi ya mkono. Tanki la mafuta lenye kutu lisichomelewe, hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka.

Kipuri kikitoka kwenye maji huanza kupata kutu mpya ndani ya dakika. Kisuuze, kikaushe juani, na saa hiyo hiyo kipake rangi ya msingi ya kuzuia kutu, au grisi kama ni nyuzi za bolti. Usipake rangi kwenye ukungu wa kingo za kreta. Oili chafu wanayopaka wengi chini ya gari huzuia maji kwa muda, lakini hulainisha mipira ya springi na ya breki, na kila mvua huiosha kuelekea mabwawa ya kunyweshea mifugo. Maji ya molasi yaliyotumika nayo yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima na mapito ya ng'ombe, kisha yafukiwe.