Sabato, Jumamosi na Uteuzi wa Chuo

Msabato wa Tabaka anayetaka kusomea sayansi ya kompyuta hutatizwa na msamiati kabla ya karo. Sabato, neno lenye asili ya Kiebrania, ni siku ya saba. Kiswahili huiita siku iyo hiyo Jumamosi, yaani ya kwanza baada ya Ijumaa. Akiuliza chuoni kuhusu “siku ya saba”, huenda akajibiwa kuhusu Ijumaa! Baraton, chuo kikuu cha Waadventista, huitunza Sabato. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichotunukiwa hati mwaka 2013, ni cha umma na ki karibu na kwao. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 humlinda, ila ratiba za maabara hazisomi Katiba. Aombe ratiba ya mitihani ya muhula uliopita, atazame machweo ya Ijumaa hadi ya Jumamosi.