Kabla ya Kuunganisha Mirija: Je, Kupima ni Lazima?



Tuseme mama wa Saza alifunga kizazi, akaungama, na sasa anatamani mirija iunganishwe. Kwanza tuondoe hofu: Humanae Vitae (1968) inakataza kufunga kizazi ili kuzuia mimba, lakini Kanisa halimlazimishi aliyetubu apasuliwe tena. Ondoleo alilopewa ni kamili.

Akichagua upasuaji, busara inadai kupima. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaipa busara hatua tatu: shauri, hukumu, amri. Vipimo ni shauri. Daktari anaweza kupitisha kamera ndogo kitovuni aone mrija uliobaki, ila hiyo nayo inataka nusukaputi na fedha. Kwa hiyo tunaona heri kuanza na karatasi za upasuaji wa kwanza, zinazoonyesha mirija ilifungwaje, na kipimo cha mbegu za mume. (Hapa wanaume wengi hukimbia!) Mbegu zisitolewe kwa punyeto, zipatikane kwa tendo la ndoa lililo wazi kwa uhai, na wamuulize daktari na paroko namna yake. Mbegu zikiwa hafifu sana, kisu cha nini?

Hata mirija ikiungana vizuri, mimba inaweza kutunga nje ya kizazi. Akikosa hedhi, awahi hospitali. Nauli ya kutoka Saza iwekwe mapema.