Rangi Haikaushi Ukuta

Wadogo zangu, masika yakiisha tu swali ni lile lile: "Dada, ukuta wa chumbani umeota ukungu, nipake rangi gani?" Leo nawajibu wote kwa pamoja, kuanzia Mlabani mpaka Mang'ula, huku kwetu Kilombero: usipake. Rangi juu ya ukuta mbichi hubabuka upesi, ukungu ukaendelea chini yake, na hela yako ndiyo hiyo imekwenda.

Ukungu hauna makuu. Vumbi, mbao na kadibodi ni chakula chake, na hivyo havikosekani ndani ya nyumba. Kinachouzuia usiote ni ukavu tu. Kwa hiyo swali la kwanza si rangi gani, ni maji yanatoka wapi.

Angalia doa lilipo. Likiwa juu karibu na dari, panda ukague bati: misumari iliyolegea, tundu la kutu, mahali mabati mawili yanapokutana. Likianzia sakafuni na kupanda, maji yanavutwa kutoka ardhini. Bonde letu limelala kati ya Udzungwa na Mahenge, maji ya milima hiyo yote yanateremkia kwetu, na mto Lumemo ukifurika hauulizi nyumba ya nani. Likiwa nyuma ya kabati au kwenye kona isiyopata upepo, kosa huenda ni la hewa ya chumbani.

Bado una shaka? Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta wenyewe umeshiba maji. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani.

Ukishajua, tiba si ngumu. Bati lizibwe. Maji ya paa yasidondokee mguuni pa ukuta. Weka mfereji, na udongo unaozunguka nyumba uteremke kwenda nje. Anayejenga kiangazi hiki amwambie fundi mapema: juu ya msingi, kabla ya tofali za ukuta, ilazwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Fundi akikwambia si lazima, mwulize kama atakuja kulala yeye humo masika. Na nyumba ya tofali za udongo isikimbiliwe kupigwa plasta ya saruji wakati ukuta ungali mbichi, maana utayafungia maji ndani. Iliyoingiwa na mafuriko itolewe tope, ifunguliwe milango na madirisha, na isubiriwe. Ukuta hukauka kwa majuma, si kwa siku.

Sasa tuje kwenye mbu, maana najua mtaniuliza. Huku Kilombero watu tunaziba ule uwazi kati ya ukuta na paa kwa matambara na tope, na dirisha tunalifunga jua likizama. Ni kweli mbu wa malaria hupenda kupita pale juu. Lakini chumba kisichopumua, humo humo kuna nguo mbichi kwenye kamba na sufuria la wali jikoni, kitaota ukungu tu. Weka wavu wa mbu, wa waya au wa nailoni, dirishani na pale juu: mbu abaki nje, upepo uingie. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamewahi hata kujaribu mikanda ya gunia iliyotiwa dawa, ikafungwa kwenye uwazi huo bila kuuziba. Chandarua kitandani kinabaki palepale.

Kuhusu mpunga na mahindi mnayohifadhi ndani ya nyumba hizo, sina mzaha. Gunia lisigusane na sakafu wala ukuta; liweke juu ya chaga. Mahindi yakauke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kuhifadhiwa. Kuvu wengine hutoa sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyoota kuvu usiyakoboe ukawapikia watoto uji.

Ukungu uliokwisha kuota ukutani usiukwangue mkavu, utaurusha hewani. Funika pua na mdomo, fungua dirisha, sugua kwa maji ya sabuni, kisha paache pakauke kabisa. Ukitumia dawa ya kupaushia nguo, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi wala siki. Mvuke wake unaumiza mapafu. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, na mtoto asilale chumba hicho.

Mpangaji, wewe usinyamaze. Piga picha za doa mvua zikiwa bado zinanyesha, mpe mwenye nyumba, mkubaliane bati na mfereji vitengenezwe kabla ya mvua nyingine. Akikujibu kwa kukuletea ndoo ya rangi, ipokee kwa heshima, uiweke pembeni, umwombe fundi kwanza.