Kabla Hujabadilisha Renjifainda: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nimechoka kuona wapiga picha wa ukanda huu wa ziwa, kuanzia Kisegi na Sindo hadi Sori na Migori mjini, wakiuza kamera nzima kwa bei ya kutupa na kuingia kwenye deni, halafu kamera mpya inawatolea picha mbovu zilezile. Kosa halikuwa la kamera. Fokasi ilikuwa imehama, lenzi ina kuvu, kadi ni bandia, au kazi yenyewe haikuwa ya renjifainda tangu mwanzo.

Renjifainda za kidijitali ni chache huku, na karibu zote zimekuja kwa mkono wa pili: Leica M8, M9, Typ 240, moja moja M10. Walio nazo wanazipenda mno, ndiyo maana wauzaji huwapata kirahisi. Soma haya kabla hujamtumia mtu hata shilingi.

SABABU YA KUBADILISHA

Fanya

Taja picha ambayo kamera yako imeshindwa kupiga. Andika ilikuwa wapi, saa ngapi, kwa mwanga gani na lenzi gani. Usiandike picha uliyoshindwa wewe kwa kuchelewa au kusimama vibaya. Kama huna hata moja ya kuandika, huna sababu. Una hamu, na hamu hailipi deni.

Pima ukubwa wa picha unazouza. Picha ya A4 iliyochapwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 3508 kwa 2480. Hizo ni chini ya milioni 9. M8 ya mwaka 2006 ina milioni 10. Ukitaka A3, unahitaji 4961 kwa 3508. M9 ya mwaka 2009 inatoa 5212 kwa 3472, yaani upande mmoja unapungukiwa na pikseli 36. Hakuna bwana harusi atakayezikosa.

Usifanye

Usinunue megapikseli. M11 ya mwaka 2022 ina milioni 60. Mteja wako anataka umtumie picha kwa WhatsApp, nayo inazibana kabla hazijamfikia. Unamlipia kitu ambacho hatakiona.

Usibadilishe kwa sababu toleo jipya limetoka. M10 ilitoka 2017, M10-R ikatoka 2020, M11 ikafuata 2022. Na nyingine zitakuja. Picha za matanga ulizopiga zamani hazikuharibika siku Leica walipotangaza kamera mpya.

KAMERA ULIYO NAYO

Fanya

Pima fokasi kwanza. Renjifainda hulenga kwa kulinganisha taswira mbili ndani ya dirisha la kutazamia. Kuna kigurudumu kidogo ndani ya kamera kinachogusa nyuma ya lenzi, na hicho ndicho kinachopeleka umbali kwenye taswira. Mtikiso hukihamisha. Nawe umeibeba kamera kwa bodaboda kwenye barabara za murram za Gwassi, begi likigonga kiti njia nzima. Sasa elekeza kamera kwenye kilima cha mbali na uzungushe lenzi mpaka ikome kwenye umbali usio na mwisho. Taswira mbili zikikataa kulaliana, kamera inataka marekebisho. Kisha laza rula mezani kwa mshazari, umbali wa mita moja. Lenga namba moja ya katikati, fungua tundu la lenzi lote, upige. Ikiwa namba iliyo wazi iko mbele au nyuma ya ile uliyolenga, umeona kwa nini macho ya bibi harusi yanatoka na ukungu huku sikio likionekana vizuri. Marekebisho ya aina hiyo ni nafuu kuliko kamera yoyote utakayonunua.

Piga anga tupu kwa f/16. Jaribio hili ni la M9, M9-P, M-E ya Typ 220 na Monochrom ya kwanza. Kioo kinachofunika kihisi cha kamera hizo huliwa na kutu, na unyevu haukisaidii. Futa vumbi kwa pampu ya hewa, piga anga, kisha kuza picha kwenye kompyuta. Vumbi hutoka ukipuliza. Kutu haitoki: utaona vidoa vyenye duara hafifu, palepale kila picha. Leica walibadilisha vihisi hivyo kwa miaka kadhaa, kisha akiba ya vihisi vya aina ile ikaisha. Kihisi chako kikiwa na kutu, hiyo ni sababu halali ya kubadilisha kamera.

Kama una M8, nunua kichujio cha UV/IR kabla hujafikiria kamera. M8 inaona mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, na kitambaa cheusi cha sintetiki kinatoka zambarau. Suti za matangani zinatoka zambarau. Majoho ya kwaya yanatoka zambarau. Kichujio cha mbele ya lenzi kinamaliza tatizo hilo. Nimemwona kijana akiuza M8 yake kwa hasira juu ya rangi hiyo, na aliyeinunua akaitumia vizuri baada ya kufunga kichujio.

Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kwenye kioo ni kuvu, na ukikaa karibu na ziwa bila kuhifadhi lenzi mahali pakavu, utaipata. Lenzi ya kuvu ukiifunga kwenye kamera mpya itakupa picha za kuvu.

Usifanye

Usimpe fundi wa simu afungue renjifainda. Ana mkono mzuri kwa simu. Hana kipimo cha kurudisha fokasi mahali pake. Mmoja alifungua kamera ya mwenzetu ili "asafishe tu", na tangu siku hiyo haikulenga kitu chochote zaidi ya mita tatu.

Usifute kihisi kwa kitambaa cha miwani wala ncha ya fulana. Punje moja ya mchanga wa ufuoni inatosha kuchora mstari ambao utaonekana kwenye kila anga utakalopiga.

Usilaumu kamera kwa kosa la kadi. Kadi bandia huandikwa ukubwa ambao haina. Ikijaa, inaandika juu ya picha za mwanzo bila kukuambia. Mpiga picha mmoja alipoteza ibada yote ya harusi hivyo, akabaki na picha za keki. Fahamu pia kuwa M9 iliundwa kwa kadi zisizozidi GB 32. Ukiichomeka ya GB 128 halafu ikakwama, usiseme imezeeka.

KAZI UNAYOFANYA

Fanya

Badilisha kama kazi yako ni ya usiku. Omena huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, na mwanga wote uliopo ni wa taa zinazoelea majini. Mashua inayumba, kwa hiyo huwezi kuacha shata wazi kwa muda mrefu. M8 na M9 zinaishia ISO 2500, na huko juu picha zimejaa chembe. Typ 240 inafika 6400. M10 na M11 zinafika 50,000, na hata ukitumia robo tu ya hapo, unapata uso wa mvuvi pale ambapo M9 inakupa kivuli. Kama hiyo ndiyo kazi inayokulisha, acha kujitesa, badilisha.

Badilisha kama umeme unakukatisha kazi. M11 inachajiwa kwa waya wa USB-C, kwa hiyo paneli ndogo ya sola au pawabenki inatosha. Betri ya M9 lazima itolewe na kuwekwa kwenye chaja yake. Anayelala ufuoni siku kadhaa akifuatilia wavuvi anajua tofauti hiyo.

Usifanye

Usinunue renjifainda mpya kwa ajili ya Ruma. Hifadhi hiyo ndiyo mahali pekee nchini Kenya unapoweza kumpata swala aina ya korongo porini, naye hakungoji. Fremu za renjifainda ya Leica zinaishia lenzi ya milimita 135. Kwa umbali ule, korongo atakuwa nukta kwenye nyasi, na M11 itakupa nukta yenye megapikseli nyingi. Kazi hiyo ni ya kamera nyingine na lenzi ndefu. Azima au kodi.

Usiinunue kwa ajili ya mpira wa shule wala mashindano ya mashua. Unalenga kwa mkono. Kamera mpya haitazungusha lenzi kwa niaba yako.

Usiinunue kwa ajili ya Thimlich Ohinga. Kuta zile za mawe, zilizojengwa bila saruji na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zimesimama pale karne kadhaa. Hazikimbii. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, shusha ISO, subiri jua la asubuhi liingie kwa ubavu. M8 inaiweza kazi hiyo.

Usiamini kwamba kamera ghali haiogopi maji. Wimbi likiipata ndani ya mashua, hasara ni yako. Mfuko usiopenyeza maji unanunuliwa kabla ya kamera.

PESA

Fanya

Hesabu gharama yote. M11 ilipotoka, bodi peke yake iliuzwa dola 8,995 Marekani. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki moja na nusu, kabla ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Bado hujanunua kadi, diski za kuhifadhia wala kompyuta yenye nguvu. Faili ghafi ya M9 iliyobanwa ina MB 18 hivi. Ya M11 kwa ukubwa wake wote ni kama mara nne ya hiyo. Kamera hiyo inaweza kupunguzwa hadi milioni 36 au 18. Lakini ukilipia 60 halafu ukaishusha hadi 18 ili kompyuta isigande, umelipia nini?

Gawanya bei hiyo kwa faida unayobaki nayo kwa harusi moja, baada ya nauli, msaidizi na uchapishaji. Jibu ni idadi ya harusi utakazofanya bure. Isome kwa sauti mbele ya mkeo au mumeo.

Nunua lenzi kwanza. Mdomo wa M, yaani pale lenzi inapofungwa, ulianza na M3 mwaka 1954, na lenzi za wakati huo bado zinafungika kwenye M11. Bodi inashuka bei kila toleo jipya likitoka. Lenzi nzuri utaihamisha kutoka bodi hadi bodi.

Usifanye

Usikope kwa simu kununua kamera. Mkopo wa siku 30 haungoji msimu wa harusi wa Desemba. Usiguse karo. Usichukue fedha za chama kwa ahadi ya kazi ambayo hujasaini.

Usiuze kamera ya zamani kabla ya mpya kukaa mkononi na kufanya kazi halisi. Mwenzetu mmoja aliuza, mpya ikakwama forodhani, akaazima kamera msimu mzima na kugawana malipo na mwenyewe.

KUNUNUA MTUMBA

Fanya

Onana na muuzaji mchana, mahali penye watu. Nenda na lenzi yako, kadi yako na betri iliyojaa. Fanya majaribio yote matatu palepale: kilima, rula, anga. Muuzaji mwaminifu atakungoja.

Dai risiti na namba ya kamera, uhakikishe zinalingana. Kamera ya wizi itakuletea polisi, na maelezo yako hayatakurudishia pesa.

Usifanye

Usinunue M9 kwa neno "kihisi kilibadilishwa". Bila karatasi ya karakana, hakikubadilishwa.

Usidanganywe na umbo. Fujifilm X100 inafanana na renjifainda na ni kamera nzuri, lakini inalenga yenyewe na lenzi yake haitoki. Atakayekuuzia kama renjifainda ama haijui ama anakujua wewe.

Usimtume ndugu anayetoka Dubai aifiche kamera kwenye nguo ili akwepe ushuru. Ikikamatwa, unapoteza kamera na unamponza ndugu yako.

HUKUMU

Kihisi kina kutu, umeme unakukatisha kazi, au kazi inayokulipa ni ya usiku na kamera yako inaishia ISO 2500: badilisha, tena kwa pesa taslimu. Fokasi imehama, lenzi ina kuvu, rangi ni zambarau, kadi inakwama: rekebisha. Kamera imepita majaribio yote na bado unaitaka mpya: irudishe kwenye begi, jaza mafuta kwenye pikipiki, nenda kapige kazi.