Nuru Inapopinda: Kupatwa kwa Jua na Makundi ya Galaksi



Ndugu msomaji, Jumapili jioni ya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa. Pakwach lilifunikwa lote kwa sekunde chache. Huku Tororo na Busia kilibaki kipande. Swala ya kupatwa tunaijua, na tunajua pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikanusha dhana ya watu kuwa jua lilipatwa kwa ajili ya kifo cha mwanawe Ibrahim.

Ni kupatwa kwa jua pia kulikoonyesha kwamba uvutano hupinda nuru. Tarehe 29 Mei 1919 Eddington akiwa kisiwa cha Principe, na wenzake wakiwa Sobral, Brazil, walipiga picha nyota zilizo kando ya jua lililofunikwa. Zilionekana zimesogea. Einstein alikuwa amekadiria sekunde 1.75 za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600!

Sasa fikiria Jiwe la Tororo. Taa iliyo nyuma yake huioni. Lakini jiwe hilo lingekuwa na uzito wa kundi zima la galaksi, nuru ya taa ingepinda na kulizunguka pande zote, nawe ungeona taa mbili, au tao, au hata pete. Ndivyo ilivyo kwa kundi la Abell 370: galaksi zilizo mbali nyuma yake huonekana kama matao marefu. Tofauti na kioo, kinachotenganisha rangi, uvutano hupinda rangi zote sawasawa.

Faida kubwa iko kwenye mizani. Kadiri nuru inavyopinda, ndivyo tunavyojua uzito wa kundi. Zwicky alipendekeza njia hii mwaka 1937. Leo wapimaji wakijumlisha nyota na gesi zote, uzito haufiki. Sehemu kubwa ni maada isiyoonekana, na ni kitu gani hasa, hakuna aliyethibitisha.

Hapa niseme wazi: sipendi haraka ya baadhi yetu ya kuutafutia kila ugunduzi aya. Nadharia ikibadilika kesho, aya tutaipeleka wapi? Ibn al-Haytham alisoma nuru kwa kupima.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Makka. Kwetu litapatwa sehemu tu, inshaallah. Tafuteni mapema miwani maalumu ya kutazamia jua. Miwani ya kawaida haitoshi.